Daftari la Vipimo

Mihayo. Shingo kumi na nne na nusu, kifua thelathini na nne,
mkono mrefu kuliko umri wake.
Ukurasa una doa la mafuta ya cherehani
lakini hati yangu bado inasomeka.

Walikuja watano, barazani kwangu, Ng'ambo,
na jora la zambarau lililonunuliwa kwa pesa za tumbaku
za babake Lugusha, ambaye hadi anazikwa
aliamini zililiwa na karani wa ushirika.
"Mama Nyamizi, tushonee mashati sawasawa,
kola ziwe ndefu kama masikio ya punda."
Nikauliza: ninyi ni kwaya ya parokia gani?
"Roki," akasema Mihayo.
Nikaliandika juu ya ukurasa, nikidhani ni jina la ukoo.

Mazoezi yalikuwa ghala la asali, Isevya.
Nyuki walikuja kusikiliza, majirani walikuja kulalamika.
Shigela alipiga pipa hadi alipopata ngoma za kweli.
Ndimila aliimba Kinyamwezi, macho kayafumba,
na spika ya redio ya mbao waliichana kwa wembe
ili gitaa liache kubembeleza, lingurume.
Wembe ulikuwa wangu, wa kufumulia.
Niliutafuta siku tatu.

Usiku wa kwanza, ukumbi wa reli, watu walitaka rumba.
Mmoja akachomoa waya ukutani.
Magitaa yakanyamaza yote. Shigela hakunyamaza.
Akaendelea peke yake, jasho likichora ramani mgongoni,
nami niliyekwenda kukagua mishono tu
nikakuta karanga mkononi zimekuwa unga.

Ndimila aliondoka kwanza. Treni ya Mpanda, na mke wa mtu.
Shati aliliacha msumarini.
Akaja Kizito, mtoro wa seminari, mwembamba kama utambi;
nikapunguza vidole viwili kila ubavu.
Swedi wa besi aligombana na Mihayo kwa ajili ya nyuzi,
nani alizinunua, nani alizikata,
na aliyeshika besi ni mdogo wake mwenyewe, Sikujua,
aliyejifunza kwa kuliiba gitaa kila kaka alipokwenda Ijumaa.
Kifua nikakishona upya.
Mama yao hakunisalimia hadi Idi.

Shigela alikwenda Kagera, shati ndani ya begi la jeshi.
Halikurudi.
Nilishona jingine. Zambarau haikulingana,
miaka ile ulichukua kitambaa ulichopewa,
lakini mpiga ngoma hukaa nyuma.
Hakuna aliyeona. Mimi niliona.

Lugusha alirithi shamba. Na deni.

Mwisho Mihayo. Walimtoa kwa kura, nne kwa moja,
katika bendi aliyoipa jina.
Alikuja usiku, akaliweka shati mezani.
"Usilifumue."
Nikasema sawa.
Wiki ya pili nililifumua, kwa ajili ya mtoto wa kidato cha pili
mwenye vidole vya mwizi wa kuku.
Ndani ya kola nilikuta nywele moja, fupi. Sikuitupa.
Niliishonea humohumo.

Jana amepita.
Ghala liliuzwa, siku hizi wanapigia uani kwangu,
na katika watano hao hakuna hata mmoja
aliyeyaona masikio ya punda yakiwa mapya.
Amesimama mlangoni na kofia ya reli, kitambi mbele,
akasikiliza wimbo mzima.
"Wanakosea pale katikati," akasema.
Walikuwa wanakosea vilevile alivyokosea yeye.
Mguu wake ulijua.

Kisha akanyoosha mikono pembeni, kama mtu anayepekuliwa.
Zambarau imekwisha, nikamwambia.
"Nipime tu."
Shingo kumi na saba. Kifua arobaini na mbili.
Mkono uleule.